Mwongozo kamili kwa anayeanza uhandisi Mlimani: msaada uko wapi, unaombwaje, na lini umeshachelewa

Mdogo wangu wa kwa mama mdogo kachaguliwa CoET (ndaki ya uhandisi na teknolojia) mwaka huu, sivil, na tangu majina yatoke ananitumia voisi kila usiku anauliza swali moja kwa namna kumi: "kaka, huko mtu akikwama anaenda wapi?" Nimemjibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, na wengine mnaoanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chukueni kinachowafaa. Mimi nilishamaliza pale, sasa hivi niko saiti naungua jua.

Usitegemee kufika ukakuta mlango umeandikwa MSAADA. Chuo ni kikubwa na msaada umesambaa, mwingine uko Bodi ya Mikopo, mwingine uko kwa fundi wa karakana, mwingine uko idara ya hesabu ambayo hata CoET haimo. Na karibu kila msaada una tarehe yake ya kufungwa. Niliowaona wanadisko (wanaondolewa chuo kwa kufeli) wengi walikuwa na akili kunizidi mimi, walichelewa tu kugonga mlango. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga kwa kufuata kalenda, unaanzia kabla hujapanda basi la kuja Dar.

HATUA YA 1: Kabla hujatoka nyumbani, hela na makaratasi

Kama matokeo yako ya form six ya sayansi yalikuwa ya juu kabisa, kwanza angalia kama jina lako limo kwenye orodha ya Samia Skolashipu. Ilianza mwaka wa masomo 2022/2023, ni kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hesabu na tiba, na inaratibiwa na Bodi ya Mikopo hiyo hiyo, HESLB. Hii hurudishi, ni ufadhili. Kuna watu wamekosa kwa sababu tu waliona jina wakadhani hela itakuja yenyewe, haiji yenyewe, unaomba.

Wengine wote tunaomba mkopo kwenye mfumo wa OLAMS. Hapo kinachowaangusha watu ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo (mtu wa Zanzibar anaenda ZCSRA), na kama mzazi amefariki basi cheti cha kifo nacho kihakikiwe, na kama nyumbani mko TASAF namba ya kaya uwe nayo. Fomu inasainiwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na inapigwa mhuri wa hakimu au wakili. Usiache ukurasa hata mmoja bila saini, ukurasa mmoja mtupu unatosha kukuweka pembeni wakati wenzio wanapangiwa. Ukikosa au ukipewa kidogo, Bodi huwa inafungua dirisha la rufaa baada ya kupanga, linakuwa la siku chache, kwa hiyo akaunti yako uwe unaifungua mara kwa mara na nakala za vyeti uwe nazo kwenye simu.

Mkopo una vipengele na ni muhimu uvijue kimoja kimoja maana mtu wa uhandisi anavihitaji vyote. Kuna ada, kuna chakula na malazi (hilo ndo bumu lenyewe, shilingi 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500), kuna vitabu na vifaa vya kuandikia, kuna mahitaji maalumu ya fani, na kuna hela ya mafunzo kwa vitendo. Siku ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, ni sheria, kwa hiyo kila unachopewa kichukue kama hela yako mwenyewe ya baadae. Bumu linasainiwa, na usiposaini kwa wakati usimlaumu mtu. Mimi robo moja nilisahau kwa sababu nilikuwa Morogoro kwenye harusi, nikala mihogo ya kukaanga wiki mbili.

Afu bima. NHIF ya wanafunzi ni 50,400 kwa mwaka, inalipwa kwa kontrol namba. Lipa mapema, usisubiri malaria ikukumbushe.

HATUA YA 2: Wiki mbili za kwanza

Ukifika unakabidhiwa mambo mengi kwa mkupuo, mengine unaweza kuyapuuza, haya usiyapuuze.

Usajili kwenye ARIS. Hapo ndo masomo yako yanaonekana, matokeo yanaonekana, na kama somo hukulisajili basi hata ukilifanyia mtihani ukapata A utakuwa umejitolea tu. Kila semista hakikisha orodha ya masomo kwenye ARIS inafanana na ile ya idara yako, na zile za kuchagua ndo huwa zinaleta utata.

CR wa darasa lenu. Jina lake ni kiongozi wa darasa lakini kiukweli huyu ndo redio yenu, anajua testi imehamishwa lini, nani kabadilisha ukumbi, na lekchara gani kasema atakusanya asaimenti ijumaa. Kuwa naye vizuri. Kama una moyo gombea wewe, mtu aliyewahi kuwa CR anafahamika na walimu, na barua ya kumtambulisha mtu huandikwa vizuri na anayemjua.

Mshauri wako wa masomo. Kila mwanafunzi anapangiwa mwalimu wa kumshauri na wengi wanamaliza miaka minne hawajawahi kumsalimia. Nenda wiki ya pili tu, dakika tano, "shikamoo Dokta, mimi ni mwanafunzi wako, naitwa fulani, nimekuja kujitambulisha." Basi. Siku una shida kubwa mwaka wa tatu hutaanza na mtu usiyemjua.

Almanaki ya chuo. Pakua, soma tarehe za kuanza testi, UE (mtihani wa mwisho wa semista), PT (mafunzo kwa vitendo), na mwisho wa kuahirisha. Ibandike ukutani.

Kuhusu malazi: mabweni ya Magufuli yalifunguliwa 2017, yana nafasi 3,840, ukijumlisha na mahall ya zamani ya ndani na Mabibo Hosteli bado nafasi hazitoshi watu wote, kwa hiyo omba kwa wakati ila uwe na mpango wa pili. Watu wanapanga Changanyikeni, Survey, Msewe, Ubungo, Sinza. Mtu wa uhandisi namshauri akae karibu hata kama chumba ni kibaya kidogo, maana lab zinaisha jioni na drawing (michoro ya kihandisi) inakeshewa, na kupigania daladala saa mbili usiku huku umebeba tii-skwea sio maisha.

Ah, na hili: kama umechaguliwa uhandisi wa kompyuta au wa mawasiliano, wewe ni wa CoICT, ndaki ya mambo ya kompyuta na mawasiliano, na kampasi yao iko Kijitonyama, pale Sayansi. Usiende kupanga Changanyikeni ukaja kulia.

HATUA YA 3: Hesabu, drawing na namna ya kutumia watu

Hapa nakaa kidogo kwa sababu mwaka wa kwanza mtu haangushwi na uhandisi, anaangushwa na hesabu.

Masomo ya hesabu yenye herufi MT kwenye namba ya somo hayafundishwi na walimu wa CoET. Yanafundishwa na idara ya hesabu, iko ndaki nyingine kabisa ndani ya Mlimani, na mnakaa ukumbini watu mamia kutoka kozi tofauti, mwalimu yuko mbali kama yuko Kibaha. Mimi testi ya kwanza nilipata 4 kati ya 20. Nilikuwa na A ya hesabu form six! Nilichofanya ni kujificha, nikawa nasema nitasoma mwenyewe, nikapoteza wiki tano.

Kilichoniokoa ni TA. Kwa usiyejua, TA ni yule kijana aliyemaliza na GPA ya moto akabakizwa chuoni kufundisha tutorio na kusahihisha, hajasahau bado alivyokuwa anateseka na integrali. Tutorio ndo darasa lenyewe, lekcha ni utangulizi tu. Kwa kuwa TA wa hesabu wako idara ya hesabu, unatembea unaenda huko huko, unauliza saa zake za kuona wanafunzi, na unaenda na swali ulilolijaribu. Hii sheria ishike: usiende na karatasi nyeupe ukasema "sijaelewa topiki nzima." Nenda na njia yako iliyokwama mstari wa nne, muoneshe mstari wa nne. Atakusaidia dakika kumi na hata jina lako atalikumbuka.

Baada ya hapo ni vimbweta. Vile vimeza vya zege na mabenchi yake vilivyotapakaa chini ya miti ndo chuo chenyewe, ukipita saa tatu usiku unakuta watu wamewasha taa za simu wanapiga msuli. Kundi la diskasheni liwe la watu wanne au watano, wakizidi hapo inakuwa kijiwe. Weka mtu mmoja anayejua kukuzidi na mmoja unayemzidi wewe, maana yule unayemfundisha ndo anakuonesha shimo lako liko wapi. Kila mmoja aje ametatua maswali yake, mkikutana mnagombana kuhusu majibu. Kundi linalokutana "tusome wote kuanzia mwanzo" halifiki popote, naapa.

Past pepa zipo, steshenari za chuo zinatoa kopi, wakubwa wenu wa mwaka wa pili wanazo kwenye simu. Tumia, ila usimeze desa (majibu ya kukariri). Testi na asaimenti zina asilimia 40, UE ina 60, na mwalimu akibadilisha namba na kugeuza mzigo ukawa wa kusambaa badala ya nukta moja, aliyemeza anabaki anaangalia dari.

Drawing ni suala la muda wa mkono. Nunua vifaa vizuri mara moja (ile hela ya mahitaji maalumu ya fani ndo kazi yake hii, sio simu), na kalkuleta nunua ya sayansi inayotatua matriksi, Casio fx-991 watu wengi wanatumia, angalia isiwe feki maana pale Kariakoo ziko nyingi. Masomo kama DS (stadi za maendeleo) usiyadharau. GPA haijui kwamba somo lile halikuwa la uhandisi, na ngazi zake ndo hizi: daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, apa sekondi 3.5, loa sekondi 2.7, pasi 2.0. Nina rafiki alikosa ya kwanza kwa pointi moja na somo lililomnyima lilikuwa la kuandika insha.

HATUA YA 4: Maktaba na programu za bure

Maktaba mpya ile kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China ilizinduliwa Novemba 2018, inabeba zaidi ya watu 2,000 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Wengi wanaitumia kama sehemu ya kuchaji simu na kupata kiyoyozi. We nenda dawati la wakutubi uulize vitu viwili: namna ya kuingia kwenye majarida ya mtandaoni ukiwa ndani ya mtandao wa chuo, na namna ya kuingia ukiwa geto. Vyuo vyetu vinachangia malipo ya majarida kupitia umoja wa maktaba unaoitwa COTUL, na kuna Research4Life ambayo Tanzania imo. Makala ambayo ukiitafuta mwenyewe unaambiwa ulipe dola 35, kupitia maktaba unaweza kuipata bure. Kwenye projekti ya mwaka wa nne hii ni dhahabu, na wenzako wengi hawatajua mpaka siku wanakabidhi.

Programu sasa. Acha kukrak, utaingiza virusi kwenye laptopu ya kukopa. Autodesk wanawapa wanafunzi AutoCAD, Revit na Civil 3D bure, unathibitisha uanafunzi wako na unahuisha kila mwaka, imeilu ya chuo inasaidia sana hapo. Wa maji: EPANET na HEC-RAS ni za bure kabisa kwa kila mtu, zimetengenezwa na taasisi za serikali ya Marekani. Wa jeomatiki wana QGIS. Wa umeme wana LTspice. Wa kemikali waangalie DWSIM. MATLAB ikikushinda bei, GNU Octave inafanya sehemu kubwa ya yale yale na amri unazoandika zinafanana karibu zote. Na Python, jifunze tu hata kidogo. Kupakua haya mafaili kwa bando lako ni kujiua, tumia waifai ya chuo, asubuhi mapema kabla watu hawajaamka.

HATUA YA 5: Karakana na mafundi

Kitivo cha uhandisi Mlimani kilianza 1973, Ujerumani Magharibi ikisaidia sana, na 2001 kikaunganishwa na Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, ile IPI ya 1981, ndo ikazaliwa CoET. Nakwambia historia kwa sababu ina faida: urithi wa IPI ulibaki kama kituo cha TDTC, kinachoshughulika na kubuni mashine na kuzipeleka kwa wananchi. Pia kuna BICO, ofisi inayounganisha walimu na viwanda kwa kazi za ushauri. Wanafunzi wengi wanapita mbele ya hayo majengo miaka minne hawajui ndani kuna nini.

Mafundi wa karakana na lab ndo watu wanaodharauliwa kuliko wote na ndo wanaojua kuliko wote. Mtu amesimama kwenye lesi mashini miaka ishirini, we una miezi mitatu ya thermodainamiki unamwita "we fundi." Muite Mzee, au Mwalimu, kama ni mama muite Mama, salamu kwanza, shida baadae. Mimi zege langu la projekti lilikuwa linavunjika chini ya nguvu niliyokokotoa, nikapiga hesabu upya mara tatu, hesabu iko sawa. Mzee mmoja wa lab akaja akaangalia tu rundo la mchanga akasema "huu una udongo mwingi, uoshe." Nikauosha. Hakuna lekcha iliyonifundisha kile kitu kwa sekunde nne.

Namna ya kuwatumia: ukiwa na wazo la projekti, waulize wao kabla hujamuuliza supavaiza, maana wao ndo wanajua mashine gani ni nzima, kifaa gani kinasubiri spea, na foleni ya kupima sampuli mwezi wa tano ikoje. Mwezi wa tano kila mtu anataka kuvunja zege. Nenda mwezi wa pili. Na vaa buti na ovaroli, ukija na sandozi utarudishwa na ni haki yao.

HATUA YA 6: PT

Mafunzo kwa vitendo yanafanyika baada ya UE ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Lengo ni kwamba mwaka wa kwanza ufanye kazi kama fundi wa mkono, wa pili kama fundi sanifu, wa tatu uanze kufikiri kama mhandisi. HESLB wanalipa siku zisizozidi 56, kwa hiyo wiki nane.

Tafuta nafasi mapema, kuanzia Januari. Chukua barua ya utambulisho chuoni, muone mratibu wa PT wa idara yako kwa sababu yeye anajua ni wapi waliwahi kupokea wanafunzi na wapi huwa hawajibu. Taasisi kama TANROADS, TARURA, TANESCO, DAWASA na TRC zinapata maombi mengi sana, usipeleke Dar tu. Mikoani ndo kwenye kazi za kushika kwa mkono, na ukiwa na ndugu Singida au Rukwa chumba cha bure kipo, hela yako ya PT inabaki. Omba sehemu sita, sio moja.

Mimi mwaka wa kwanza niliangukia kampuni moja ya ujenzi, jina naliacha, kazi yangu ikawa kuhesabu malori ya kifusi yanayoingia na kuleta chapati za mafundi. Wiki ya tatu nilikasirika nikaacha kuandika logibuku (daftari la kazi za kila siku), nikasema nitaijaza mwishoni. Nikaijaza usiku mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja, supavaiza kutoka chuo akaifungua akacheka. Kosa langu. Kumbe hata kuhesabu malori ni kazi: ujazo wa lori, idadi kwa siku, kifusi kinachopungua kikishindiliwa, ulinganishe na mchoro. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa saiti hiyo hiyo, akaandika hayo hayo malori kwa hesabu, akapata A.

Kwa hiyo: logibuku kila jioni, mistari mitano na mchoro mmoja wa mkono. Omba picha za michoro ya saiti ila uliza ruhusa kwanza. Ukiona unatumwa chai tu, wiki ya kwanza hiyo hiyo mwambie mratibu wa PT kwa ustaarabu, wanaweza kuongea na kampuni au kukuhamisha. Wiki ya saba hakuna wa kukusaidia.

HATUA YA 7: Mambo yakiharibika

Nitaenda haraka ila soma mara mbili.

Ukiumwa karibu na mtihani usijikaze ukafanye huku unatetemeka, na usipotee bila taarifa. Mtu asiyetokea kwenye UE bila ruhusa anahesabika ametoroka mtihani na hiyo njia inaishia nyumbani. Kuna utaratibu wa kuahirisha mtihani au mwaka mzima: unaenda kituo cha afya cha chuo, unapata maandishi ya daktari, unaandika barua kupitia idara KABLA ya mtihani. Ni hivyo hivyo ukifiwa au ada ikigoma kabisa. Kuahirisha hakuchafui cheti chako.

Ukipata sapu, tulia. Ni mtihani wa marudio, ukifaulu inaandikwa C, maisha yanaendelea. Omba kuonana na mwalimu wa somo uulize umeangukia wapi, usiende kulia wala kubishana maksi. Ukiona kabisa kuna kosa la kujumlisha, rufaa ipo, ina muda wake na ina ada yake, pitia ofisi ya idara. Kuna watu watakuja na habari za "namjua mtu anabadilisha matokeo." Kimbia.

Kichwa kikichoka: ofisi ya mshauri wa wanafunzi ina washauri nasaha na unaloongea nao ni siri. Wanaume wa uhandisi tuna ujinga wa kusema "nakomaa tu." Nimeona mtu amekomaa mpaka akaacha kuoga na kula, chumba kizima tukidhani anasoma. Mshike mkono mwenzio mwende wote. Wenye ulemavu kuna kitengo cha mahitaji maalumu, jiandikishe mwanzoni upate utaratibu wa mitihani na vifaa mapema.

Na dada zangu, pia kaka maana hutokea: mtu yeyote akikutaka kimapenzi ili akupe maksi, nafasi ya PT au chumba, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya 2007. Hifadhi meseji, usifute, usijibu kwa hasira. Chuoni kuna Dawati la Jinsia, nje kuna TAKUKURU namba 113, haikati salio. Mwambie na mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo ili tarehe iwe na shahidi.

Hela ikiisha kabisa, nenda kwa wawakilishi wenu wa DARUSO (serikali ya wanafunzi) na ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema, na usikope kwa zile aplikesheni za simu zinazopigia mpaka mjomba wako kumdai. Mama ntilie anayekujua atakukopesha wali maharage na hatampigia mtu.

HATUA YA 8: Mwaka wa nne na mlango wa kutokea

Projekti ya mwisho chagua kwa kufuata mtu, sio kichwa cha habari. Supavaiza anayepatikana kila wiki na mada ya kawaida ni bora kuliko profesa maarufu anayesafiri kila mwezi. Hifadhi kazi sehemu tatu, flashi, imeilu na kwa rafiki.

Ukiwa na kitu kinachoweza kuwa biashara, COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wako Kijitonyama na hapo hapo kuna Buni Hub, kituo cha kulea wabunifu, na mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yameanza tangu 2019. Usiende na maneno matupu, nenda na kitu kinachowaka au kinachozunguka, hata kama kimefungwa kwa waya.

Ajira ikichelewa, TaESA, wale wa huduma za ajira wa serikali, wanapokea wahitimu na kuwaunganisha na intanshipu. Ila kabla ya hapo nenda ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ukajisajili kama mhandisi mhitimu na uingie SEAP, ule mpango wa miaka mitatu wa kufanya kazi chini ya mhandisi mwenye uzoefu, ulianza 2003. Bila usajili sheria haikuruhusu kufanya kazi za kihandisi kama mhandisi, hata kama mtaani wanakuita Injinia tangu mwaka wa pili. Kwa wasichana, Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake kwenye SEAP, kwa hiyo ulizia kila mara kama kuna ufadhili wa namna hiyo uliofunguliwa. IET nao, Taasisi ya Wahandisi tangu 1975, wanapokea wanachama wanafunzi, ingia ukiwa bado chuoni, na wana kitengo cha wanawake.

Mimi nilikaa miezi saba baada ya mahafali ndo nikaenda ERB, nikijiambia nasubiri kwanza kazi nzuri. Hiyo miezi saba haikuhesabiwa popote. Wenzangu tuliovaa joho siku moja sasa hivi wanaandaa ripoti za kuomba usajili kamili, mimi bado nina robo mwaka na zaidi ya kujaza.

Sasa we dogo, kesho asubuhi nitumie picha ya cheti chako cha kuzaliwa nione kama kina alama ya uhakiki wa RITA, na namba ya mwenyekiti wa mtaa nimpigie mwenyewe maana juzi uliniambia "kasafiri" na mimi nilimuona kwenye grupu la familia yuko msibani hapo hapo kwenu. Na voisi za saa sita usiku basi, andika meseji.